Alichomwambia Mungu Kunihusu

Mwezi uliopita, kwenye ibada ya kumkumbuka mama yangu mjini Kitale, mwanamke nisiyemjua alinishika mkono karibu na sufuria za pilau akaniuliza kama bado ninakunywa ile dawa ya wasiwasi. Aliniuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za masomo. "Ni wewe Kamau, si ndiyo? Ati ulikuwa unashikwa na kifua? Tumekuombea wewe, wacha tu. Mama yako kila Alhamisi kwa ushirika alikuwa anakutaja. Hata ile wiki alilazwa, bado alitutumia ujumbe tusikusahau." Nikamuuliza, tangu lini? Akacheka kidogo. "Haiya, tangu lini tena. Miaka yote." Niliweka sahani yangu juu ya kiti cha plastiki, nikatoka nje ya hema, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo vya kanisa, mahali ambapo mtu hafuatwi. Dada yangu mdogo, Wairimu, aliwaambia watu kwamba nimezidiwa na majonzi. Sikuwa nimezidiwa na majonzi. Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika. Siku ile kila aliyeshika maikrofoni alisema mama alikuwa mwanamke wa maombi, na watu wakaitikia, na hakuna hata mmoja aliyesema maombi hayo yalifanya nini ndani ya nyumba yetu. Kwa hiyo nitasema mimi.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliomaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani na shahada ya takwimu na suruali mbili za ofisini. Kazi haikuwepo. Baba pia hakuwepo, lakini hiyo ni habari nyingine. Tulikuwa watatu: mama, Wairimu aliyekuwa bado sekondari, na mimi. Tuliishi katika nyumba ya mbao upande wa mjini, si mbali na msikiti, nyumba mbili chini ya paa moja, na ukuta uliotutenganisha na jirani yetu Mama Zuhura uliishia kabla ya kufika kwenye mabati. Alipokaanga mahamri alfajiri, sisi tuliamka na njaa. Redio yake tuliijua ratiba. Na yeye, kwa kuwa sauti haina upande mmoja wa kupita, alijua kila kitu tulichomwambia Mungu.

Kwetu maombi yalitangulia chakula cha jioni, lakini chakula kilipakuliwa kabla ya maombi. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kulielewa na nimelifikiria kutoka kila upande. Mama alipakua ugali, akaweka mboga ya sukuma kando, pengine maharagwe, kisha akafunika kila sahani kwa sahani nyingine, akazipanga mezani mbele yetu, akakaa, akaweka mikono magotini. Tukafumba macho. Wimbo mmoja, halafu zamu. Wairimu aliomba kwa pumzi moja: asante kwa siku, bariki chakula, saidia wagonjwa, amina. Mimi nikafuata kwa maneno machache zaidi. Kisha mama. Na mama alipoanza, nilikuwa nasikia ugali ukipoa. Najua ugali hausikiki ukipoa. Mimi niliusikia.

Nilipokuwa mtoto niliipenda sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka, na mara nyingi nilisinzia nikiwa nimeegemea mkono wake, nikaamshwa na amina. Sikujua kwamba siku zote alikuwa anafanya jambo jingine pia. Mama hakuwa mtu wa kukugombeza. Hakukuita kando, hakukuuliza, hakupandisha sauti. Alinyamaza mchana kutwa, kisha jioni akamwambia Mungu, na wewe umekaa hapo, magoti yenu yanakaribia kugusana. "Bwana, wewe unaona. Unaona mtu amesoma mpaka chuo kikuu na soksi zake bado anaokotewa na mama yake." Au: "Mtazame Wairimu, Baba. Itazame ile simu anaficha chini ya mto akidhani watu wamelala." Wairimu alikuwa mgumu kuliko mimi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiisukuma simu ndani ya mfuko wa unga. "Nimeihamisha," akaninong'oneza. "Huko kwingine Mungu ashapata habari." Tukacheka mpaka mama akauliza tunacheka nini, tukasema hakuna.

Lakini kuna kanuni moja katika maombi ya namna hiyo, na mtu ambaye hajaishi nayo hawezi kuona ukali wake. Huwezi kujibu. Ukijibu, unakuwa umemkatiza mtu akizungumza na Mungu, na hakuna nyumba ya Kikristo ninayoijua ambapo hilo linavumiliwa. Huwezi kusema hapana, si kweli. Huwezi kusema, Mami, niulize kwanza. Neno pekee lililo lako ni amina. Nilisema amina kwa mashtaka yangu mwenyewe kila jioni mwaka ule, huku nimefumba macho, na nikafumbua macho nikafunua sahani na nikashukuru.

Mwanzoni mwa mwaka, kanisani, mchungaji aliwaita mbele wote waliohitimu ili waombewe milango ya kazi ifunguke. Tulikuwa wengi. Wazee na kina mama wakatuzunguka wakatuwekea mikono: kichwani, mabegani, mgongoni, mkono mmoja ukanishika shingo kwa nyuma. Kulikuwa na joto na manukato, na spika ilikuwa karibu na sikio langu. Kwanza vidole vikafa ganzi. Kisha kifua kikabana kana kwamba mtu amenifunga shuka mbichi akaikaza, na pumzi ikawa inaingia isifike chini. Nikapiga magoti kwa sababu miguu haikuwepo. Nikasikia mwanamke akisema, "Ameguswa huyu." Wengine wakaongeza sauti. Nilijua sijaguswa. Hali ile ile ilikuwa imenipata katika chumba cha mtihani mwaka uliotangulia, na humo hakukuwa na mtu aliyeniwekea mkono. Ilikuwa hofu. Lakini jioni ile mama alimshukuru Mungu kwa muda mrefu, sauti yake ikiwa na furaha niliyokuwa sijaisikia tangu niliporudi, na mimi ningesema nini? Nikasema amina.

Kisha hofu ikaanza kuja nyumbani. Sikuwa mjinga, nilijaribu kuifuatilia kama nilivyofundishwa kufuatilia jambo lolote: inakuja lini, inakuja wapi, nini kimetangulia. Ilichukua muda kukubali jibu, kwa sababu jibu lilikuwa la aibu. Ilikuja sahani zilipofunikwa. Mama aligeuza tu sahani ya pili juu ya ya kwanza, kile kishindo kidogo cha udongo kwa udongo, na moyo wangu ukaanza mbio. Nilijua kwamba katika muda si mrefu nitatajwa na sitaweza kujibu, na mwili wangu ulijua kabla yangu. Hata leo nikiingia hoteli na kukuta sahani imefunikwa kwa sahani, viganja vinatoka jasho. Jioni moja nilishindwa kuficha. Pumzi ikanikatika katikati ya maombi, nikashika meza, kijiko kikaanguka. Mama hakufumbua macho. "Bwana," akasema, na sauti ikapanda, "kuna kitu kinapigana na mtoto huyu. Kikemee." Mikono ilikuwa ile ile iliyokufa ganzi kanisani, kifua kile kile. Mbele ya madhabahu ilikuwa Roho, mezani ikawa adui. Nilitaka kumuuliza ni nini kilichobadilika isipokuwa mahali.

Mama alikuwa na duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo, na msimu wa kupanda nilimsaidia. Alasiri moja mvua ilishuka kwa nguvu, wateja wakakatika, tukabaki wawili tukipima mbolea kutoka kwenye gunia kubwa na kuigawa katika mifuko midogo. Harufu ya mbolea inakaa kooni. Nadhani ilikuwa mvua. Mtu anaweza kusema jambo chini ya mabati yenye mvua ambalo hawezi kulisema palipo kimya. Nikamwambia, "Mami, silali. Na kuna asubuhi zingine natamani zisifike." Nilikuwa nimelitengeneza neno hilo kwa wiki kadhaa, nikilipunguza makali, nikijaribu kutomwogopesha. Alifunga mfuko aliokuwa nao. Alifunga fundo, akaongeza fundo la pili. "Nipitishie huo mwingine," akasema. Nikampa. Nikadhani anatafuta maneno. Nikangoja alasiri nzima huku nikipima kimya chake kama tulivyokuwa tukipima mbolea: hiki ni kimya cha mtu aliyeumia, hapana, ni cha mtu aliyesikia na anafikiri, hapana, hakusikia kwa sababu ya mvua. Tulipofunga duka alipitia kwa mwuza nyama, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Nikaona hilo ni jibu. Nikajiambia, leo ataniambia kitu.

Akapika nyama kwa viazi na dania nyingi. Akapakua. Akafunika. Wimbo, Wairimu, mimi, kisha yeye. Akaanza na mvua, akamshukuru Mungu kwa mvua. Halafu akasema, kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Baba, mtoto wangu leo ameniambia halali. Ameniambia kuna asubuhi anatamani isifike." Maneno yangu. Hakubadilisha hata moja. Upande wa pili wa ukuta, redio ya Mama Zuhura ikapunguzwa sauti. Mama akaendelea, akalia, akaomba mauti iondoke nyumbani kwake, akataja jina langu tena na tena, na Wairimu, aliyekuwa hajui chochote, akanishika suruali chini ya meza akaikaza. Amina. Mama akafuta macho kwa kitambaa, akafunua sahani yangu, akanihamishia kipande cha nyama kutoka kwenye sahani yake. "Kula," akasema, bila kunitazama. Mafuta yalikuwa yameganda kuwa meupe.

Asubuhi Mama Zuhura aliniita dirishani kwake akanipa mahamri yaliyofungwa kwa gazeti. "Mwanangu, mimi sikusikia kitu," akasema. Tukatazamana. "Lakini hicho kitu ambacho sikusikia, ukitaka kukaa na mtu, huu mlango mchana hauna komeo." Halafu, ili nisilie, akasema mama yangu akipewa kipaza sauti cha msikiti siku moja tu, Kitale yote itajua imefika jioni bila kutazama saa. Nilicheka. Nilikuwa na deni la kicheko kwa mtu fulani, na nikamlipa yeye. Nimewaza mara nyingi kwamba mwaka ule mtu wa kwanza kuzungumza nami uso kwa uso kuhusu jambo hilo alikuwa mtu ambaye hatukuwa tukisali naye.

Alhamisi niliporudi kutoka dukani, sebule ilikuwa imejaa kina mama wa ushirika. Kulikuwa na chai ya maziwa kwenye chupa kubwa, mkate uliopakwa siagi, vitambaa vyeupe vimenyooshwa kwenye migongo ya viti. "Ndiye huyu?" mmoja akauliza. Mama akaitikia kwa kichwa. Wakanikalisha kwenye stuli katikati. Sina chuki nao. Walikuja kutoka mbali na walikuwa na nia njema, na mmoja wao aliniwekea mkono mgongoni kwa namna ambayo, kama angekuwa peke yake na kama angenyamaza, pengine ingenisaidia. Lakini walinyanyua sauti wote pamoja, wakaamuru roho ya mauti itoke, na kifua kikabana, na nilipoanza kuhema mmoja akapiga makofi akasema, "Inatoka, inatoka." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika chumba kile hakukuwa na jambo ambalo ningeweza kulifanya lisilokuwa ushahidi. Nikinyamaza, imenikaba. Nikihema, inatoka. Nikisema niacheni, ni yenyewe inayosema. Niliinuka, nikachukua begi chumbani, nikapita katikati yao. Wairimu alikuwa jikoni akiosha vikombe. "Enda kwa Tata," akaniambia kwa sauti ya chini. "Nishampigia. Enda tu, bro."

Tata Nyambura ni mdogo wake mama. Aliolewa Bungoma, na yeye na mumewe, Anko Wafula, wana shamba dogo Mabanga, karibu na kituo cha kufundishia wakulima. Jioni ya kwanza walinipa kiti karibu na moto. Kulikuwa na kuku wa kienyeji na mboga chungu iliyolazwa kwenye maziwa. Sahani zilikuwa wazi. Anko Wafula akavua kofia, nikafumba macho, nikajikaza. "Mungu, asante kwa hii chakura. Amina." Nikabaki nimefumba macho nikingoja. Nilisikia vijiko. Nikafikiri labda kwao wengine huanza kula huku mmoja akiendelea. Mwishowe Anko Wafula akanigusa goti. "Kijana, wewe bado uko na yeye? Msarimie, urudi, ukure. Hii kuku haitangoja." Tata alicheka mpaka akakohoa. Nilikula chakula cha moto. Ni jambo dogo, lakini sikuwa nimekula chakula cha moto cha jioni kwa miezi.

Hawakuniuliza kitu kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, tukichambua mboga kwenye ungo mlangoni, Tata aliniuliza swali ambalo sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu yeyote wa ukoo wetu wala wa kanisa letu. "Nataka kukuombea. Niseme nini? Na nisiseme nini?" Aliuliza huku akikata mashina, bila mkazo, kama anayeuliza chumvi inatosha. Nilimwambia nitafikiri. Nikafikiri siku nzima, ndivyo nilivyo, nikaandika sentensi kichwani nikazifuta, nikawa na wasiwasi kwamba nikichagua vibaya Mungu atapelekewa ombi lisilo lenyewe. Jioni nikamwambia, "Sema nataka kulala. Lile lingine usiliseme." Akaweka kisu chini, akafumba macho pale pale mlangoni, kuku wakipita, akasema: "Baba, Kamau anataka kulala." Akangoja kidogo. Amina. Nilisema amina, na kwa mara ya kwanza mwaka ule lilikuwa neno langu. Nililala. Sijui kilichonilaza ni Mungu au ni kule kuulizwa, na nimeacha kulitafuta jibu, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni kubwa.

Tata hakuishia hapo. Alinipeleka mjini Bungoma kwenye kliniki aliyoijua, tukangoja kwenye benchi, na daktari kijana akanisikiliza mpaka nikamaliza. Alisema kile kinachonishika kina jina, kinawapata wengi, kinatibika. Akanipa vidonge na akataka nirudi kila wiki kuzungumza na mshauri. Nilipotoka nililia barabarani, na Tata akasimama kati yangu na watu ili wasinione, akijifanya anatafuta simu kwenye mkoba. Kwenye vidonge vile pia aliniombea, kwa idhini yangu: "Baba, vimfae." Hakuona mgongano wowote. Mimi ndiye niliyekuwa nimelelewa kuona mgongano.

Mama alikuja Mabanga kabla ya mavuno. Alikuja na unga, sukari na sweta yangu. Tukakaa jikoni kwa Tata sote wanne, chai ikamiminwa, na nikamwona akiviona vidonge vyangu kwenye kizingiti cha dirisha. Akaweka kikombe chini. Mikono ikaenda magotini. "Tuombe," akasema, na macho yakafumbika.

"Hapana, dada," Tata akasema.

Sikuwahi kusikia mtu akimwambia mama hapana kwa neno hilo. Akafumbua macho.

"Yuko hapo," Tata akasema. "Amekaa hapo mbele yako. Mwambie yeye kwanza. Halafu Mungu tutamwambia sote."

Mama akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na niliona kitu ambacho sikuwa nimekitarajia: alikuwa anaogopa. Midomo ilifunguka ikafungwa. Vidole vikaanza kukunja ncha ya leso na kuikunjua. Nilijiambia nisimsaidie. Nilikuwa na hasira ya mwaka mzima na nilitaka aseme, lolote, hata la kuniumiza, mradi alielekeze kwangu.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na kuku."

"Haya. Ni vizuri."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwepo. Anko Wafula akakohoa akasema, "Amekura sana, shemeji. Kuku zangu zikimwona zinakimbia," na mama akacheka, kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Baadaye, alipokwisha kuondoka, Tata aliniambia kwamba kwao, walipokuwa wasichana, mtu akikuambia jambo machoni ilikuwa ni vita, na watu waliumizana. "Mama yako alitafuta njia ya kusema bila kupiga mtu," akasema. Nilielewa. Ninaelewa hata sasa. Watu hudhani kuelewa kunaondoa hasira. Kwangu kuliiongezea uzito tu, kwa sababu sasa sikuwa na mahali pa kuitupa.

Nilirudi Kitale mwishoni mwa mwaka. Jioni ya kwanza sahani zikafunikwa, mama akaomba, na hakunitaja. Aliomba kwa ajili ya Wairimu, duka, jirani, wagonjwa, viongozi. Jina langu alilipita. Jioni ya pili vivyo hivyo, na zote zilizofuata. Ungedhani nilipumzika. Badala yake nilianza kusikiliza lile pengo, mahali baada ya Wairimu ambapo sauti ilisita kama mguu unaotafuta ngazi gizani, kisha ikaendelea. Nilikuwa nimetaka asinitaje, na alipoacha nikahisi nimefutwa. Lakini niliamua kwamba huo ulikuwa mkataba wetu: amenisikia, amejizuia, ni kazi ngumu kwake na anaifanya kwa ajili yangu. Nilipopata kazi nikahamia mbali, alinipigia simu karibu kila siku, na swali lilikuwa moja. Umekula? Nikajifunza kulijibu kwa urefu. Nilimweleza wali ulivyoiva, samaki nimemtoa wapi, nyanya zilivyo ghali. Niliweka ndani ya chakula kila kitu nilichotaka ajue. Nilidhani anasikia. Nilidhani kwamba hatimaye tumepata namna ya kuzungumza, sisi wawili, bila mtu wa tatu.

Sasa unajua kwa nini niliiacha ile pilau. Kumbe kila Alhamisi aliyabeba yote akayapeleka kwa ushirika: kazi yangu, usingizi wangu, vidonge nilivyobadilishiwa, mambo ambayo bila shaka aliyapata kwa Wairimu, kwa kuwa mimi hakuniuliza. Najua mtu atasema nini. Atasema hayo ni mapenzi. Nimeambiwa hivyo tayari, na mchungaji, na Tata, na mimi mwenyewe nikiwa nimelala. Sikatai. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kukuombea kila wiki kwa miaka, kwa machozi ya kweli, na asikuulize hata mara moja uko vipi. Alikuwa na nambari yangu. Chumba kizima cha wanawake kilijua dawa yangu inavyoitwa, na mimi sikujua kama mama yangu anajua nimepata nafuu.

Jioni ya siku ile ya ibada, wageni walipokwisha kuondoka, tulibaki watatu katika nyumba ya mbao: Wairimu, ambaye sasa ndiye anayeendesha duka, Tata na mimi. Wairimu alipika ugali na sukuma. Nilikuwa nimeketi nikiangalia simu niliposikia kile kishindo kidogo, sahani juu ya sahani, mara tatu. Nikamtazama. Hakuwa na habari anafanya nini. Mikono yake ilikuwa inafanya tu. Akaketi, akaweka mikono magotini. Tukafumba macho. Viganja vyangu vikalowa.

"Baba, tunakushukuru kwa siku ya leo," akaanza, na ilikuwa sauti ya chini, isiyo na haraka. "Tunashukuru kwa wageni wote wenye walifika. Na unaona, Bwana, kuna watu waliwacha sahani kwa kiti wakatoka, mpaka watu wakaanza kuuliza..."

"Wairimu," nikasema.

"...wakaanza kuuliza kama kuna..."

"Wairimu, mimi niko hapa."

Upande wa pili wa ukuta, redio ya Mama Zuhura ikapunguzwa sauti. Wairimu alifumbua jicho moja, kisha la pili.

"Si naomba," akasema.

"Najua. Niulize mimi."

Wairimu alinitazama, na nikaona midomo ikifunguka na kufungwa, na vidole vikitafuta ncha ya leso. Nikangoja. Sikumsaidia.

"Haya," akasema. "Mbona ulitoka?"

Nikamwambia. Nilimwambia kuhusu yule mwanamke wa sufuria za pilau, na simu za mama, na pengo baada ya jina lake. Alisikiliza akiwa amenikazia macho, akakiri ni yeye aliyekuwa akimpa mama habari zangu, kwa sababu mama alikuwa akimuuliza kila jioni na hakuweza kumnyima. Akalia kidogo, akakasirika kidogo, akaniambia nami pia ningeweza kuuliza. Kisha akajifuta pua.

"Na ile dawa, bado unakunywa?"

Lilikuwa swali lile lile la mchana.

"Bado," nikasema. "Kidogo. Inanisaidia."

Akaitikia kwa kichwa. Tata akanyoosha mkono akafunua sahani, ya kwangu, ya Wairimu, ya kwake, akazipanga zile za juu moja moja kando ya meza. Ugali ulikuwa bado unatoa mvuke. Hakuna aliyesema amina. Tukala.